Injini Inayonguruma Kupita Kiasi: Kutafuta Chanzo na Tiba kwa Lugha ya Kiswahili

Utangulizi

Katika semina na makongamano yetu husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili kina uwezo wa kuelezea sayansi na teknolojia. Kauli hiyo hutolewa kwa fahari na kupigiwa makofi, kisha mjadala hugeukia fasihi na isimu, na hiyo sayansi na teknolojia ikaachwa pale pale ilipokuwa. Makala haya yanakusudia kulijaribu dai hilo kwa jambo dogo, la kila siku na lenye gharama. Gari limesimama, mguu wa dereva uko mbali na kikanyagio cha mafuta, lakini injini inaendelea kunguruma kana kwamba gari linapanda mlima. Kwa nini? Chanzo hutafutwaje? Tiba yake ni ipi?

Swali hili si la mafundi peke yao. Mwenye gari asiyeelewa anachoambiwa gerejini hulipa kwa imani. Akiambiwa kwamba kompyuta imeharibika, hununua kompyuta. Akiambiwa ni sensa, hununua sensa. Fundi naye huenda anaujua ugonjwa wa gari barabara, lakini akikosa lugha ya kuufafanua, ujuzi wake haumfikii mteja wala mwanagenzi aliye karibu naye isipokuwa kwa kutazamwa mikono.

Ili maelezo yasielee hewani, tutachukua mfano wa gari moja linalofahamika sana barabarani mwetu: Toyota Corolla ya aina ya AE110, iliyoundwa nchini Japani kati ya mwaka wa 1995 na 2000, yenye injini ya petroli ya 5A-FE, silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,498. Kimsingi, yatakayosemwa kuihusu yanaihusu kila injini ya petroli, na pale ambapo magari mapya yanatofautiana nayo tutaonyesha.

Mzunguko wa utulivu ni nini?

Injini inapowaka bila kulisukuma gari, huwa inajizungusha yenyewe tu ili isizimike. Hali hiyo haina jina moja lililokubalika katika Kiswahili. Katika gereji zetu fundi hulichukua neno la Kiingereza na kulivisha viambishi vya Kiswahili. Katika makala haya tutaiita mzunguko wa utulivu, yaani kasi ambayo injini huzunguka nayo wakati dereva hajakanyaga mafuta. Kasi hiyo hupimwa kwa idadi ya mizunguko kwa dakika, na katika magari mengi madogo ya petroli yaliyokwisha kupata joto huwa kati ya mizunguko 650 na 800. Kiwango halisi cha kila gari huandikwa katika kijitabu chake, na aghalabu katika kibandiko kilicho chini ya boneti.

Injini ya silinda nne hupata mwako mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Basi ikizunguka mara 750 kwa dakika, petroli huwaka ndani yake mara 1,500 katika dakika hiyo. Ikizunguka mara 1,600, mwako huwa mara 3,200, na gari bado limesimama katika foleni. Hapo ndipo mwenye gari anapolalamika kwamba gari "linakula mafuta". Zaidi ya hasara hiyo ipo hatari. Gari la gia za kujiendesha lenye mzunguko wa juu hushtuka na kutaka kuruka mbele mara dereva anapoingiza gia, na dereva hulazimika kulizuia kwa breki kila anaposimama mbele ya kivuko cha watoto wa shule.

Hata hivyo, si kila mngurumo wa juu ni ugonjwa. Injini baridi huzunguka kwa kasi kusudi, kiasi cha mizunguko 1,200 hadi 1,500, ili ipate joto upesi, kisha hushuka polepole kadiri maji yake yanavyopata moto. Hali kadhalika, kiyoyozi kikiwashwa kompyuta huongeza mzunguko kidogo ili injini iubebe mzigo huo. Ugonjwa ni pale ambapo injini imekwisha kupata joto, mizigo yote imezimwa, na bado mzunguko haushuki.

Milango mitatu ya hewa

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba katika injini ya petroli dereva hakanyagi mafuta, anakanyaga hewa. Kikanyagio huvuta waya, na waya hufungua bati la mviringo lililo katika koo la injini, ambalo mafundi huliita throtoli nasi tutaliita kilango cha hewa. Kadiri hewa inavyoingia kwa wingi, ndivyo kompyuta inavyoongeza petroli ya kuilingana nayo. Kwa hiyo injini inayozunguka kupita kiasi bila kukanyagwa ni injini inayopata hewa zaidi ya haki yake. Swali la fundi ni moja tu: hewa hii inaingilia wapi?

Tuichukulie injini kuwa nyumba yenye milango mitatu. Wa kwanza ni mlango mkuu, yaani kile kilango cha hewa. Wa pili ni mlango wa uani: njia ndogo inayokizunguka kilango na kulindwa na vali inayoongozwa na kompyuta, ambayo tutaiita vali ya utulivu. Kilango kinapofungwa, hewa ya kuiweka injini hai hupitia huko. Wa tatu si mlango hasa, bali ni ufa: mpira uliopasuka, gasketi iliyochoka, au bomba lililochomoka mahali fulani baada ya kilango. Humo hewa huibwa pasipo ruhusa ya mtu yeyote. Pistoni zinaposhuka huacha ombwe nyuma ya kilango kilichofungwa, na ombwe hilo hufyonza hewa kutoka popote penye upenyo.

Uchunguzi hatua kwa hatua

Kabla ya yote gari lisimamishwe mahali tambarare penye hewa ya kutosha, kwa kuwa moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua ndani ya chumba kilichofungwa. Breki ya mkono ivutwe, gia iwe nyutro au kwenye herufi P, na mikono, tai na leso viwe mbali na feni na mikanda.

Kwanza, dalili ithibitishwe. Injini iwashwe hadi ipate joto kamili, taa na kiyoyozi vizimwe, kisha mita ya mizunguko isomwe. Je, mzunguko uko juu na kutulia huko huko, au unapanda na kushuka kama mtu anayehema? Kuhema huko kuna maana. Kompyuta ikiona kilango kimefungwa lakini mzunguko umezidi, hukata petroli. Mzunguko ukianguka, huirudisha. Nao hupanda tena. Dalili hii huashiria kwamba hewa inaingia kwa mlango wa uani au kwa ufa, wala si kwa mlango mkuu.

Pili, mlango mkuu ukaguliwe, na injini ikiwa imezimwa. Zulia la miguuni lisiwe limekilalia kikanyagio. Waya wake uwe na ulegevu kidogo. Waya uliokazwa mno hukiacha kilango wazi daima. Kisha bomba la hewa lifunguliwe na kilango kitazamwe: kinarudi hadi mwisho, au kimenaswa na masizi? Masizi huondolewa kwa dawa ya kusafishia kabureta na kitambaa laini. Ipo pia parafujo ndogo inayozuia kilango kisijisage ukutani. Parafujo hiyo hupimwa kiwandani na haifai kuguswa. Anayeizungusha ili kuuzima mngurumo huidanganya sensa ya kilango, na kompyuta ikidhani kwamba dereva amekanyaga, huacha kuusimamia mzunguko wa utulivu. Ugonjwa mmoja huwa miwili.

Tatu, mlango wa uani utenganishwe na ufa. Jaribio lake ni rahisi na halihitaji mashine. Katika Corolla yetu kompyuta hukadiria hewa kwa kupima shinikizo lililo nyuma ya kilango, kwa hiyo injini huendelea kuwaka hata bomba la hewa likiwa limefunguliwa. Injini ikiwaka na kupata joto, tundu la mlango wa uani lililo katika koo, mbele ya kilango, lizibwe kwa kidole. Mzunguko ukianguka au injini ikizimika, hewa ya ziada ilikuwa inapitia hapo. Usipobadilika sana, mdomo mzima wa koo uzibwe kwa ubao mdogo ulionyooka, huku mpira unaovuta mvuke kutoka tumbo la injini ukiwa umebanwa kwa koleo. Injini nzima yapasa kuzimika mara moja, kwani haina tena pa kupumulia. Ikiendelea kuwaka, basi iko hewa inayoingia kwa ufa.

Nne, ufa usakwe. Mpira mnene unaokwenda kwenye kisaidizi cha breki ubanwe kwa koleo. Mzunguko ukishuka, hitilafu iko huko, nayo isicheleweshwe kwa kuwa breki zenyewe zinautegemea. Mipira midogo ibanwe mmoja mmoja kwa namna hiyo hiyo. Gasketi ya manifoldi inyunyiziwe maji kidogo kidogo pembezoni, mbali na nyaya za moto: maji yakifyonzwa ndani, mngurumo hubadilika kwa muda mfupi. Wapo wanaonyunyiza petroli kwa kazi hii. Hilo ni kucheza na moto karibu na injini inayowaka, na halina sababu ilhali maji yapo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; katika injini ukuta huo ni vali zilizoungua kwa kukosa uwiano wa petroli na hewa.

Tano, ikiwa hewa inapitia mlango wa uani, tusiharakishe kuilaumu vali. Huenda imekwama kwa masizi, na hapo ifunguliwe, isafishwe na kurudishwa na gasketi mpya. Lakini huenda pia ni nzima na inatii amri mbaya. Kompyuta huufungua mlango huo kwa sababu imeambiwa kwamba injini ni baridi. Aliyeiambia ni sensa ya joto la maji.

Sensa inayodanganya

Sensa hiyo ni kifaa kidogo ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri joto linavyopanda. Katika magari ya Toyota ya aina hii, kwenye nyuzi 20 za Selsiasi ukinzani huwa kiasi cha omu 2,000 hadi 3,000. Kwenye nyuzi 80 hushuka hadi omu 200 au 400. Fundi mwenye mita ya umeme anaweza kuthibitisha hayo kwa dakika chache.

Corolla yetu ina njia yake ya kuungama makosa. Chini ya boneti kuna kisanduku chenye matundu. Matundu ya TE1 na E1 yakiunganishwa kwa waya, na ufunguo ukiwa umewashwa bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi humeta kwa mpangilio. Kumeta mara mbili, kutua, kisha mara mbili tena ni namba 22, yaani saketi ya sensa ya joto la maji. Mara nne kisha mara moja ni namba 41, yaani sensa ya kilango.

Hata hivyo, namba isipotokea haimaanishi kwamba sensa ni nzima. Kompyuta hushtaki sensa iliyokatika kabisa au iliyogusana nyaya. Sensa inayosema nyuzi 40 wakati maji yako kwenye nyuzi 85 haishtakiwi, kwa sababu nyuzi 40 ni jibu linalowezekana. Wala ufa wa hewa hauna namba yake. Katika magari mapya mashine ya uchunguzi huweza kuonyesha namba P0507, nayo husema tu kwamba mzunguko wa utulivu umepita kiasi, jambo ambalo mwenye gari alikwisha kulisikia kwa masikio yake. Mashine hutaja dalili. Chanzo hutafutwa na mtu.

Mfano wa mwalimu mstaafu

Jamaa mmoja wa mwandishi, mwalimu mstaafu anayeishi upande wa Nakuru, alisumbuliwa na mngurumo wa namna hii katika Corolla aliyoinunua kwa malipo yake ya uzeeni. Katika gereji ya kwanza aliambiwa, "Mwalimu, hii ni vali," akainunua. Katika ya pili akaambiwa, "Mwalimu, hii ni sensa," akainunua pia. Gari liliendelea kunguruma, hasa asubuhi za mwezi wa Julai. Mzee mmoja fundi ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: sindano ya joto kwenye dashibodi husimama wapi? Ilikuwa haifiki katikati kamwe.

Chanzo kilikuwa hiki: miaka kadhaa kabla, fundi fulani alikuwa ameing'oa themostati na kuitupa. Themostati ni kizuizi kinachoyafunga maji yasiende kwenye rejeta hadi yafike karibu nyuzi 82. Wako mafundi wanaoamini kwamba katika nchi yenye jua kama yetu kifaa hicho hakina kazi, nao hukitoa ili injini isichemke. Ikitolewa, maji hupozwa tangu mwanzo, na katika baridi ya nyanda za juu injini haipati joto lake. Sensa ilikuwa ikisema kweli. Vali ilikuwa ikitii. Kompyuta ilikuwa ikifanya ilichoundiwa kufanya, yaani kuipasha joto injini baridi. Themostati mpya, ambayo bei yake haikufikia nusu ya gharama ya mojawapo ya vipuri vile viwili, ilimaliza mambo.

Mfano huu unafunza pia kwamba maji ya injini yakaguliwe mapema, injini ikiwa imepoa kabisa, kwani kifuniko cha rejeta kikifunguliwa kikiwa moto humwaga maji yanayounguza. Maji yakipungua, sensa hubaki katika hewa badala ya maji na kusema uongo, na injini hunguruma kwa sababu ya lita moja tu iliyokosekana.

Magari mapya na yale ya zamani

Katika magari mengi ya miaka ya hivi karibuni hakuna waya wa kikanyagio wala vali ya utulivu. Kilango hufunguliwa na mota inayoongozwa na kompyuta, hivyo mlango mkuu na mlango wa uani vimekuwa kitu kimoja. Kilango cha aina hii kisisukumwe kwa kidole ufunguo ukiwa umewashwa. Chaweza kujifunga ghafla na kujeruhi. Aidha, kompyuta huzoea masizi: kadiri yanavyojaa, ndivyo inavyokifungua kilango zaidi ili kufidia. Kilango kikisafishwa, mzunguko hupanda kwa muda kwa sababu kompyuta bado inakumbuka uchafu wa jana. Hapo dawa ni kuifunza upya kwa utaratibu ulio katika kijitabu cha gari. Jambo jingine ni kwamba magari yanayopima hewa kwa mita iliyo karibu na kichujio yaweza kuzimika bomba likifunguliwa, kwa hiyo lile jaribio la kidole haliyafai.

Magari ya zamani yenye kabureta nayo yana parafujo ya mzunguko ambayo iliwekwa ili irekebishwe. Huenda mazoea ya kuzungusha parafujo katika kila gari yalitoka huko: fundi aliyefunzwa na kabureta huirithisha mikono yake kwa gari la kompyuta.

Lugha ya gereji

Msomaji atakuwa amegundua kwamba maelezo haya yametumia maneno ya asili mbalimbali. Gari lina asili ya Kihindi, parafujo ya Kireno, karakana ya Kiajemi na spana ya Kiingereza. Karakana za Waswahili hazijawahi kungoja kamati ili zipate majina ya zana. Zimechukua neno pamoja na chombo chake. Kwa hiyo upungufu wetu mkubwa hauko katika istilahi. Sensa, vali na gasketi zinaeleweka Mombasa, Dar es Salaam na Bujumbura.

Upungufu uko katika nathari ya maelezo: sentensi zenye kwa sababu, kwa hiyo, ikiwa na isipokuwa, zilizopangwa kutoka dalili hadi chanzo. Mwalimu yule aliambiwa nomino mbili, vali na sensa, na zote zilimgharimu. Kilichomfaa ni swali moja na sentensi moja yenye masharti: ikiwa injini haipati joto, kompyuta haitaushusha mzunguko. Kiswahili kina kila kitu kinachohitajika kuiunda sentensi hiyo. Tangu Katiba ya mwaka wa 2010, lugha hii ni lugha ya taifa na tena lugha rasmi nchini Kenya. Lakini mwanagenzi wa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, akitaka kusoma kuhusu kazi anayoifanya kutwa, hupata maandishi mengi zaidi kwa Kiingereza kuliko kwa lugha anayoifanyia kazi.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba injini ya petroli hunguruma kupita kiasi kwa kupata hewa isiyo haki yake, na kwamba hewa hiyo hupitia kilango, vali ya utulivu au ufa. Yameonyesha utaratibu wa kuitofautisha milango hiyo mitatu kabla ya kununua kipuri chochote, na kwamba vali ikikutwa wazi yafaa tuulize kwanza ni nani aliyeiamuru.

Mwandishi anapendekeza kwamba chama chetu kishirikiane na mafundi kuandika vijitabu vifupi vya aina hii, kimoja juu ya breki, kingine juu ya umeme wa gari, kingine juu ya mfumo wa kupozea injini. Fundi atoe maarifa, mwanafunzi wa Kiswahili aandike, na rasimu isomwe gerejini kwa sauti kabla ya kupelekwa mtamboni. Fundi akitikisa kichwa mahali, sentensi hiyo iandikwe upya.